Mguu Mmoja Mbele

Kamera aliyoniachia rafiki yangu ilikuwa kiboksi cheusi, ngozi yake imebanduka kwenye pembe, na ndani yake mlikuwa na filamu ya picha kumi na mbili. Baba yake alikuwa amekwisha piga tisa. Zilibaki tatu. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye, pamoja na lile ninaloona haya kuliandika, yalitokana na hizo tatu.

Ilikuwa mwaka ule Wahindi walipopewa siku tisini waondoke, na rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Nyumba ya kina rafiki yangu na yetu zilikuwa Kampala, chini ya kilima cha Rubaga, zinashiriki ua mmoja wa nyuma, na katikati ya ua kulikuwa na mfenesi ambao hakuna aliyejua ulipandwa na nani. Mafenesi ya upande wao yalikuwa yao, ya upande wetu yetu, na lile lililoota chini kabisa ya shina, karibu na mizizi, lilikuwa letu mimi na yeye. Tulilila tumekaa juu ya gunia, mikono tumeipaka mafuta ya kupikia mpaka kwenye viwiko ili ulimbo usigande. Bibi yangu akipita alisema, "Nyinyi wawili mtaolewa na huo mti."

Sikuwa na rafiki mwingine. Baba na mama walikuwa Masaka dukani, mimi nimebakizwa kwa bibi kwa ajili ya shule. Shuleni wasichana walisema Kiganda na mwalimu alisema Kiingereza. Kwetu sisi Kiswahili ni cha babu na babu, kilikuja na misafara ya biashara, lakini kwa wenzangu kilikuwa lugha ya kambini kwa askari tu. Nikifungua mdomo mmoja ananipigia saluti. "Afande, naomba rula." "Afande, usitupige." Hawakuwa wabaya, walikuwa wanacheka tu. Mimi nikafunga mdomo, nikazoea, na jioni nikirudi nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia yote, upande wa pili wa mti.

Siku moja kabla ya kuondoka alinipa kile kiboksi, amekifunga kwenye kitambaa cha meza.

"Uwanja wa ndege askari wanapekua," alisema. "Bora uwe nayo wewe kuliko wao."

"Mimi sijui kupiga."

"Umemshikia baba koti lake kila Jumapili, unajua. Nipigie mti wetu. Nikiuona nitajua bado uko, na wewe bado uko."

Nikasema haya. Ndilo neno pekee nililomwambia siku ile, na nimelifikiria mara nyingi.

Baba yake alikuwa na duka la dawa, lakini Jumapili alipiga picha za maua na ndege humo humo uani. Alikuwa na kanuni moja, akituambia sote wawili beti, yaani binti. "Picha iko kazi ya kutoa, beti. Kutia kila mtu naweza." Basi kabla ya kupiga ua moja tulikuwa tunaanua nguo kwenye kamba, tunahamisha ndoo, tunashika jani lililozidi lisiingie. Mara moja mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye ngazi, mumewe akamwambia, "Mama, toka kidogo, naharibu ua yangu." Mama akanyanyuka na ungo wake, akatukonyeza, akaingia ndani. Tulicheka sana. Leo nikikumbuka sicheki.

Picha ya kwanza sikuipiga upesi. Niliogopa. Bibi alikwisha niwekea sheria: "Hicho kisanduku kisivuke mlango wa mbele. Kuna watu waliulizwa maswali kwa sababu ya kamera, na hawakurudi kutuambia waliulizwa nini." Kikakaa chini ya kitanda changu miezi mingi, ndani ya kitambaa chake, na kila rafiki yangu alipoandika kutoka Uingereza aliuliza: mti je?

Mwishowe nikaenda nacho uani asubuhi, jua likiwa bado upande mmoja. Kidirisha cha boksi lile kiko juu. Unaliweka kifuani, unainama, na humo kwenye kioo kidogo kama stempu unaona dunia imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto. Ukitaka kusogea huku, picha inakwenda kule. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilianua nguo. Nilihamisha debe. Nilitoa jiko letu lenye masizi. Nyumba yao niliitoa, kwa sababu madirishani kulikuwa na mapazia mageni. Minara miwili ya kanisa kule juu kilimani niliitoa pia, maana ilionekana kama pembe zinazochomoza kwenye matawi. Nilirudi nyuma, nikaja mbele, nikapiga goti, mpaka kwenye kioo pakabaki shina, majani na mafenesi mawili. Nikabonyeza. Nilijiona fundi.

Studio ilikuwa mjini, chini ya Nakasero, nikapeleka boksi kwa siri ndani ya mkoba wa shule. Mwenyewe alikwisha ondoka na wenziwe, akabaki kijana aliyekuwa msaidizi wake, amekaa peke yake kati ya mapazia yaliyochorwa milima na maporomoko. Nilimweleza taabu yangu: nataka picha zilizopigwa zisafishwe, zilizobaki zisiharibike. Filamu mpya hakukuwa na duka lililokuwa nayo.

"Nitaikata gizani kwa mkasi," alisema. "Lakini mkasi na wenyewe unakula. Utakula picha moja, utabaki na moja. Unakubali?"

Nikakubali. Baada ya wiki akanipa picha kumi, ndogo kama kiganja, akaiweka ya kwangu juu.

"Dada, huu mti umesimama peke yake hivi, unaomba pasipoti?"

Nikazikusanya zile picha. Mambo ya pasipoti siku zile hayakuwa ya kutaniana na mtu usiyemjua. Yeye mwenyewe alitazama mlangoni baada ya kusema, kisha akacheka kidogo tu.

Tisa za baba wa rafiki yangu nilizitazama njia nzima, nimezificha ndani ya daftari la jiografia. Ua. Ua. Ndege mdogo kwenye ukingo wa ndoo, lakini ndoo haimo. Jani lenye umande. Hakuna hata moja iliyoonyesha nyumba, wala ngazi, wala mkewe na ungo. Niliona tu kwamba ni nzuri, nikazituma zote kumi.

Jibu lilichukua muda mrefu, na bahasha ilifika imekwisha funguliwa ikafungwa tena kwa gundi, kama zilivyofika zote. Aliandika mistari sita. Nimeinakili hapa sehemu yake: *Asante. Mti ni mzuri. Lakini huu ni wetu kweli? Nimeutafuta humo ndani na sijaupata, unaweza kuwa mti wa popote. Baba amepanga picha zake mezani. Ameuliza kama hakuna nyingine.*

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: amenisahau. Halafu nikafuta. Halafu nikaandika tena. Nilikasirika, kwa sababu nilifanya kila kitu sawasawa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba hapo ndipo lilipokuwa kosa. Nilitoa debe, nikatoa kamba, nikatoa ukuta, nyumba na kilima, na pamoja nao nilitoa kila kitu ambacho kingemwambia yuko wapi.

Barua zake zilikuwa zinafupika. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Sasa zilikuwa mistari sita, na Kiswahili chake kimeanza kuingiwa na maneno ya huko. Nilijua, kama mtu anavyojua mvua kabla haijanyesha, kwamba picha iliyobaki isipomfikisha nyumbani, hataandika tena. Ilikuwa imebaki moja.

Nyumba ya kina rafiki yangu alikuwa amepewa sajenti mmoja. Yeye mwenyewe alionekana mara chache. Aliyekaa humo ni mkewe, msichana wa miaka ishirini hivi, kwao mbali kaskazini, hana mtoto bado, hana ndugu. Kitu cha kwanza alichofanya kilinichoma. Katika baraza ya rafiki yangu kulikuwa na bembea, ubao mpana wenye minyororo ya shaba, ambapo bibi yao alikuwa anakaa anajipepea mchana kutwa. Sajenti alitaka nafasi ya pikipiki yake barazani. Basi mkewe akaihamishia bembea kwenye mfenesi, kwenye tawi nene la upande wao, na kila alasiri alikaa hapo peke yake akibembea. Ile minyororo ina mlio wake. Nilikuwa chumbani nasoma, nikiusikia, moyo ulikwenda mlangoni kabla ya akili. Kisha nakumbuka ni nani. Nilimchukia kwa hilo. Yeye hakujua.

Bibi alimsalimia kwa adabu zote kutoka upande wetu, hamjambo hamjambo, ila hakumkaribisha ndani. "Mke wa afande ni kama moto," aliniambia. "Unauota, huukumbatii." Mimi nilijificha nyuma ya pazia. Nadhani alikuwa ananiona.

Nilingoja siku ambayo pikipiki haipo. Nikatoka na boksi langu, na safari hii sikuanua kitu. Niliacha debe. Niliacha kamba na kanga ya bibi. Nilizunguka, macho kwenye kioo, nikikusanya: minara ya Rubaga juu ya matawi, ngazi za jikoni kwao, dirisha la chumba chake lenye kioo kilichopasuka tulichokipasua sisi kwa kokwa la fenesi, na bembea tupu ikining'inia. Kila kitu kilikuwamo.

"Mdogo yangu. Hiyo ni kamera?"

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Ndiyo, dada."

"Iko na filimu?"

"Moja tu."

"Moja iko tosha. Ngoja mimi naoga."

Nilitaka kusema hapana. Ulimi haukunyanyuka. Ni mke wa sajenti, na mimi ni mtu ambaye hata shuleni siwezi kuomba rula. Nikabaki nimesimama na boksi langu mpaka akatoka. Amevaa gauni la maua, viatu vyeupe vya kisigino, poda usoni imezidi kidogo shingoni, na kifuani amekumbatia redio.

"Redio ya nini, dada?"

"Mama yangu aone iko kwangu. Tangu naolewa hajaona mimi. Anafikiri mimi naliwa huku."

"Unaliwa na nani?"

"Na Kampala." Akacheka mwenyewe. "Anasema wewe mwembamba, Kampala itameza wewe bila kutafuna. Sasa nataka ataona."

Akasimama kando ya bembea, akanyoosha shingo, akapeleka mguu mmoja mbele.

"Siku ya harusi mpiga picha ya kambi alifundisha mimi. Mguu moja mbele, ndiyo mtu haonekani kama mti."

Nikainama kwenye kidirisha. Alikuwamo, mdogo kama kidole, na redio yake, karibu na bembea ya bibi wa rafiki yangu. Nikamwona rafiki yangu kule kwenye baridi akifungua bahasha, mama yake amesimama nyuma ya bega lake. Niliona wanavyoiona bembea, halafu wanavyomwona aliye kando yake. Nikasogeza boksi kidogo sana, upana wa ukucha, upande wa kanisa. Kwenye kioo akateleza mpaka ukingoni, akatoka. Ikabaki bembea.

"Cheka, dada," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilitaka asishuku. Akacheka, cheko la kweli, lenye meno yote, na mimi nikabonyeza.

Kuanzia siku ile alinisalimia kila asubuhi nikienda shule. "Mdogo yangu, picha yetu je? Nimetoka vizuri?" Nikasema bado haijasafishwa. Mara mbili alimletea bibi mtama kutoka kwao, uliosagwa na mama yake. Bibi akaupokea, akanitazama mimi. "Umemfanyia nini mke wa afande hata anatuletea unga?" Nikasema sijui.

Kijana wa studio naye alikuwa amekwisha ishiwa. Karatasi ya picha ilikuwa adimu kama sukari. Alinipa picha moja tu, kwenye kipande chenye kona iliyokatika, pamoja na filamu yenyewe.

"Safari hii mti wako umeoa," alisema. "Ona mguu."

Nikaona. Kwenye ukingo wa picha, kutoka nje, umeingia mguu mmoja mbele: kisigino cheupe, kifundo, na pindo la gauni la maua. Mtu mwenyewe hayupo.

"Boksi kama hili linaona zaidi ya dirisha lake," alinieleza. "Unachofikiri umekitoa, kidogo kinabaki. Hukufundishwa?"

Sikufundishwa. Baba yake rafiki yangu alikuwa na kamera nyingine, nzuri, aliyoondoka nayo au iliyochukuliwa, sijui. Hili boksi lilikuwa la mkewe, na mumewe alilitumia Jumapili zile za mwisho tu.

Nilipanga nipitie mbele ili mke wa sajenti asinione. Lakini lango la mbele bibi alikuwa amelifunga, ikabidi nizunguke uani, naye alikuwa pale kwenye bembea kama aliyekuwa ananingoja. Akanyoosha mkono. Nikampa.

Alitazama muda mrefu. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mimi niko wapi?"

Nikajifanya naitazama picha pamoja naye.

"Kanisa iko. Debe iko. Kanga ya bibi yako iko." Kidole chake kikatembea mpaka ukingoni. "Ah. Hii ndiyo mimi. Kiatu yangu."

"Kamera iliteleza, dada."

"Kamera aliteleza," akasema polepole, kama anayelijaribu neno. "Na wewe unaniambia cheka."

Angepiga kelele ningejua la kufanya. Ningelia, bibi angetoka, yangekwisha. Alikaa tu, ule mguu wenyewe, bila kiatu, ukikwaruza mchanga. Ndipo nikaona kwamba hajafanya lolote mtu huyu. Alipewa nyumba na mumewe, na mumewe alipewa na wengine, na ndani ya nyumba alikuta bembea. Mchana kutwa hakuna anayesema naye. Mimi nilikuwa napigiwa saluti ya mzaha shuleni na nikaona hakuna aliye mpweke kunizidi, kumbe hatua ishirini kutoka dirishani kwangu kulikuwa na mtu anayengojea asubuhi nipite ili aseme maneno matano.

"Nilikutoa," nikasema. "Kwa makusudi. Hii nyumba ilikuwa ya rafiki yangu. Nilitaka kumpelekea."

Alitazama ule ubao aliokalia, akaushika mnyororo.

"Na hii, yake?"

"Ya bibi yake."

Akauachia mnyororo. Kisha akasema, "Nipe mimi hii picha. Mama atajua huu mguu. Yeye alitoa funza ndani yake miaka yote. Uso unaweza kubadilika, lakini mguu mama anajua."

Nilikuwa na picha moja na watu wawili. Nikampa. Akaifuta kwa gauni, ingawa haikuwa na vumbi, akaingia nayo ndani.

Rafiki yangu nilimpelekea ile filamu, kipande kidogo ambacho kweupe ni kweusi na kweusi ni kweupe, nimekilaza katikati ya karatasi mbili ili vidole vinavyofungua barua zetu visikihisi. Nikamwandikia atafute huko studio yenye karatasi. Mimi sikubakiwa na kitu. Boksi likarudi chini ya kitanda, tupu.

Wiki tatu baadaye, nikiwa shuleni, lori lilikuja likabeba vitu vya jirani. Hakuna aliyeuliza ni uhamisho au ni jambo lingine. Siku hizi mtu humeza maswali yake. Bibi alisema yule mwanamke aliondoka amekaa mbele na redio mapajani. Alikuwa amevuka ua kuja kuaga, na mara hiyo bibi akamwingiza ndani, akampa chai isiyo na sukari. Aliniachia nusu ya mche wa sabuni. Sabuni siku hizi watu wanaiota. "Ya mtoto wa kamera," alimwambia bibi.

Bembea hawakuichukua. Alasiri upepo ukipita ubao unasogea kidogo na minyororo inalia. Siendi tena mlangoni.

Barua imefika wiki hii. Kurasa mbili. *Tumeitoa kubwa,* anaandika. *Nimeujua mti kabla sijauona vizuri, nimeujua kwa kioo tulichopasua. Mama amelia kwa ajili ya bembea, kisha akasema afadhali iko nje inapata hewa. Baba anasema umetia vitu vingi mno, lakini hajaiweka chini tangu jana.* Mwishoni kabisa, chini ya jina lake, ameuliza: *Mguu ni wa nani?*

Nimekaa na kalamu tangu alasiri. Kwanza niliandika: wa jirani. Nikaona ni yaleyale, nimemtoa tena. Nikaendelea. Nimemwandikia kwamba alivaa gauni la maua na viatu vyeupe, kwamba poda ilimzidi shingoni, kwamba alikumbatia redio ili mama yake aione, na kwamba nilipobonyeza alikuwa anacheka.